Hotuba Juu ya Kazi za Wahitimu wa Chuo Kikuu na Njia za Kuziingia

(Ilisomwa na karani wa Halmashauri ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, wanachama wote, na ninyi vijana mliosimama karibu na mlango ingawa viti vya mbele viko tupu:

Sisi wa Halmashauri ya Elimu tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu. Kijana wa mitaa yetu akisha kupewa shahada, aingie kazi gani, na apite njia gani ili aingie? Twalisema mapema kwa sababu kabla ya jua kutua mtaombwa kupiga kura juu ya Mfuko wa Elimu, nasi twapenda kura hiyo ipigwe na watu waliokwisha kuisikia habari yenyewe.

Kwa kanuni zilizopo, Mfuko hulipa karo za sekondari na, kwa wachache, sehemu ya karo ya chuo. Siku kijana avaapo joho, Katibu hupiga mstari chini ya jina lake katika daftari na kuandika pembeni: amemaliza. Halmashauri yenu inasema kwamba katika kazi nyingi za ustadi neno hilo huandikwa mapema mno. Shahada ni ushahidi kwamba mtu amesoma. Ruhusa ya kuifanya kazi hutolewa na watu wengine kabisa, mahali pengine, baada ya miezi au miaka, na mara nyingi kwa malipo. Hapo katikati ndipo vijana wetu wanapokwama.

Wazee mwakumbuka, au mlisimuliwa na baba zenu, kwamba mambo hayakuwa hivyo wakati wa Uhuru. Mtu aliyetoka Makerere, iliyokuwa chuo chenye kutoa shahada za London tangu 1949, alikuwa akitafutwa na kazi. Hapa Nairobi, Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, ikawa Royal College mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilichojitegemea hakikuzaliwa hata 1970. Mwaka 1959 Tom Mboya alipowapeleka vijana 81 Marekani kwa ndege moja, nchi nzima iliwatambua kwa majina. Walirudi wakakuta viti vimeachwa na Waingereza. Sasa hesabu ni nyingine. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 peke yake, watahiniwa zaidi ya 246,000 walipata daraja la C+ au zaidi, ndilo daraja la kuingilia katika shahada, na vyuo vikuu vimezidi sitini. Kijana wetu anapoambiwa na mzee kwamba zamani msomi alifuatwa nyumbani kwa motokaa ya serikali, mzee hasemi uongo, lakini hamsaidii.

Huyu Mboya twapenda kumtaja kwa sababu nyingine pia. Kabla hajawa mtu wa siasa alikuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na cheti cha kazi yake, alichokisomea Kabete, na cheti hicho ndicho kilichomfungulia ofisi. Kumbe tangu zamani kulikuwa na vitu viwili tofauti: elimu, na idhini ya kazi. Wengi wetu tumevichanganya kwa kuwa kwa miaka michache vilikuja pamoja.

Na tuanze na sheria, maana hapo ndipo jambo hili huonekana wazi kuliko kwingine, tena ndipo mtaa wetu una vijana wengi wanaongoja.

Bwana Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, ilimbidi asafiri mpaka London ndipo akubaliwe, kwa sababu hapa kwetu hapakuwa na mahali pa kumfunza wakili. Kamati ya Lord Denning ikatoa ripoti yake mwaka 1961 juu ya elimu ya sheria kwa Waafrika; Dar es Salaam ikafungua masomo ya sheria mwaka huohuo; na Kenya School of Law ikaanza kazi mwaka 1963. Tangu hapo mwanafunzi haendi London. Anakwenda Karen. Lakini hapana budi aende.

Mpangilio ni huu. Kwanza husoma shahada ya sheria, LLB, miaka minne. Kisha huomba nafasi Kenya School of Law, asome darasani na kufanya mitihani ya Council of Legal Education, ambayo ni masomo tisa: namna ya kuendesha kesi za madai na za jinai, mirathi, uhamisho wa mali, uandishi wa hati, maadili, na mengineyo. Kisha hukaa miezi sita mwanagenzi chini ya wakili mwenye miaka isiyopungua mitano katika kazi. Akisha kufaulu yote, hupeleka ombi kwa Jaji Mkuu na kuapishwa. Hata baada ya kiapo, hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu bila cheti cha kufanyia kazi, ambacho hulipiwa upya kila mwaka.

Sasa tazameni nyumba ya Jericho au ya Maringo. Mzazi amesomesha miaka minne kwa mkopo, kwa chama, kwa harambee. Siku ya kuhitimu hema limekodishwa, mbuzi wamechinjwa, picha zimepigwa, na majirani wote wameanza kumwita kijana “wakili”. Hatusemi karamu zikomeshwe. Sisi wenyewe tulikula. Twasema tu kwamba siku ya tatu baada ya karamu kijana amefungua barua ya Kenya School of Law na kukuta karo inayotakiwa kwa muda mfupi kuliko ile ya LLB, na ndani ya nyumba hamna kitu. Kisha akiipata, bado miezi sita ya uanagenzi, ambayo wengi hupokea nauli tu na wengine hata nauli hawapokei. Tunaye kijana wa namna hii hapa karibu. Hatutamtaja jina. Mama yake huuza mitumba Gikomba. Amekaa mwaka wa tatu na LLB yake ndani ya bahasha, na kila asubuhi hutoka nyumbani kwa viatu vilivyopigwa rangi, aende maktaba, kusudi majirani wasimwulize: bado tu?

Liko jambo moja zaidi juu ya sheria, nalo lawahusu wazazi wenye watoto walio kidato cha nne sasa. Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012 haitazami shahada peke yake. Yataja hata matokeo ya sekondari, yaani C+ kwa jumla na B katika Kiingereza au Kiswahili. Namna ya kuisoma sheria hiyo imebishaniwa mahakamani mara nyingi, hasa kwa wale walioingia chuo kikuu kwa njia ya diploma. Wako waliosoma LLB mpaka mwisho ndipo wakaambiwa mlango haufunguki. Basi mzazi asitosheke na neno la chuo kinachopokea karo. Aandike barua kwa shule yenyewe ya sheria kabla ya muhula wa kwanza, aulize kama mtoto wake atakubalika, na jibu aliweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Udaktari una njia iliyonyoka kuliko sheria, lakini ina daraja lake la kungojea. Mwenye shahada ya udaktari hupelekwa mwaka mmoja wa mafunzo katika hospitali iliyokubaliwa, akisimamiwa na madaktari wakubwa, na hapo ndipo Baraza la Madaktari humwandikisha. Bila mwaka huo yeye ni msomi wa mambo ya mwili na basi. Kungojea kupangiwa hospitali ndiko kulikowachosha vijana. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, tangu Machi hata Mei, na mojawapo ya mambo makubwa yaliyogombaniwa ni malipo ya hao wa mwaka wa mafunzo na kucheleweshwa kupelekwa kazini. Mzazi wa daktari ajiandae kumlisha mtoto wake hata baada ya joho, asione aibu wala asimshuku uvivu. Wauguzi wenye shahada nao wana mwaka wao, na wana baraza lao. Walio na hamu ya kwenda Uingereza, kwa ule mkataba uliotiwa sahihi Julai 2021, wajue kwamba hata huko huanzwa kwa kuulizwa: umeandikishwa kwenu? Wakala yeyote anayechukua pesa kabla ya swali hilo, na ambaye hana kibali cha National Employment Authority, mkimbieni.

Juu ya uhandisi tuna onyo moja, na tungependa lisikiwe hata na wale wanaozungumza nyuma. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mtu hawezi kujiita mhandisi kwa kuwa amesoma mitambo miaka mitano. Lazima Engineers Board of Kenya imwandikishe, na Bodi haimwandikishi mtu ambaye masomo yake hayamo katika orodha yake. Angalieni vizuri: si chuo tu, bali masomo yale yenyewe. Chuo kimoja chaweza kuwa na uhandisi wa umeme uliokubaliwa na uhandisi wa namna nyingine usiokubaliwa, ndani ya ua uleule. Wako wahitimu waliofika mahakamani kwa sababu hii, wakiwa wamekwisha kumaliza, na ni huzuni kubwa kushtaki ili miaka yako mitano ihesabiwe. Orodha ya Bodi haifichwi. Kwa simu yenye mtandao mtu huiona bila malipo. Mtoto akiitwa na KUCCPS kwenda kusoma uhandisi, ile jioni ya kwanza kabla ya kupiga vigelegele mtazameni katika orodha hiyo. Akisha kuhitimu huandikishwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, afanye kazi isiyopungua miaka mitatu chini ya mkubwa, aandike ripoti za kazi zake na kuhojiwa, ndipo awe mhandisi kamili. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza asiichague kwa mshahara peke yake. Aulize: yuko hapa mhandisi aliyeandikishwa, wa kunisimamia na kuitilia sahihi kazi yangu? Kazi ya mshahara mzuri isiyo na mtu huyo humchelewesha.

Wasanifu wa majengo nao wako vivyo hivyo, ila masomo yao ni marefu zaidi. Pale Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka sita, kisha ni kazi chini ya msanifu na mtihani wa bodi. Wafamasia wana miaka mitano na mafunzo baadaye. Hatutawachosha kwa kila moja. Mtindo ni uleule.

Uhasibu twaupenda, na tutasema kwa nini. Ndiyo njia ambayo mtoto wa Eastlands aweza kuipita akiwa anakula kwa jasho lake. Mitihani ya CPA hutolewa na KASNEB, iliyoundwa mwaka 1969. Mwenye shahada ya biashara husamehewa baadhi ya karatasi. Asiye na shahada kabisa, ila ana C+ ya KCSE, aweza kuanza mwanzo na kufika mwisho palepale anapofika mwenye shahada. Karatasi hufanywa chache chache, hulipwa chache chache. Mtu aweza kuwa karani wa stoo mchana katika Industrial Area, na jioni akafungua kitabu. Sisi makarani twawajua watu waliokwenda hivyo kwa miaka minne au mitano, wakawa wahasibu waliokubaliwa na ICPAK, bila kukaa siku hata moja bila kazi. Jambo hili latakiwa kuwatia moyo hata wale waliosoma historia, jiografia na fasihi, wanaodhani kwamba kwa kuwa shahada zao hazina bodi basi hazina soko. Mabenki na makampuni makubwa huchukua wahitimu wa shahada yoyote kwa mafunzo yao wenyewe, wakitafuta mtu anayeweza kuandika barua iliyonyoka na kuhesabu bila kubahatisha. Mhitimu wa historia aliyefaulu karatasi chache za KASNEB hapo huonekana si mtu wa bure.

Ualimu ndio mlango wanaougonga wengi kuliko wote. Teachers Service Commission, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1967, haimwandiki mtu asiyesajiliwa nayo, na kwa sekondari hutaka masomo mawili ya kufundishia, yaliyofaulu vizuri tangu KCSE. Mwenye BA au BSc isiyo ya ualimu aweza kuongeza diploma ya elimu baada ya shahada, na huu ni mwaka ambao haupotei. Lakini tusidanganyane: kusajiliwa si kuajiriwa. Walimu waliosajiliwa wako wengi na nafasi huja kwa mafungu. Mwaka 2023, shule za sekondari ya chini zilipofunguliwa, maelfu walichukuliwa kwa mkataba wa mafunzo kwa posho ya Sh. 20,000 kwa mwezi, pesa ambayo katika Nairobi hulipa kodi, nauli na unga, ikaisha. Hata hivyo aliyekuwa amesajiliwa tayari ndiye aliyepata hata hiyo. Aliyengoja tangazo ndipo aanze kutafuta vyeti, tangazo lilimpita.

Hapa yatupasa kusema kidogo juu ya vyeti vyenyewe, maana sisi tulio katika maofisi twaona upande wa pili wa meza. Barua za kuomba kazi tunazipokea sisi, tunazifungua sisi, na kabla mkubwa hajaziona tunazigawa mafungu mawili. Wengi hawaangushwi na elimu yao. Huangushwa na jina. Cheti cha KCSE kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, shahada ina matatu mengine yenye herufi iliyobadilika, na msichana aliyeolewa ana la nne. Nani atajua kama hawa wote ni mtu mmoja? Jambo hili hurekebishwa kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina, lakini huchukua majuma, na tangazo la kazi huwa na siku kumi na nne. Wengine cheti cha KCSE hawanacho kabisa kwa kuwa shule ilikizuia kwa deni la karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 haimruhusu mwalimu mkuu kuzuia cheti. Nendeni kwa heshima, mkiwa na mzee mmoja wa chama, mkakidai. Cheti cha tabia njema cha polisi huombwa kwa mtandao na vidole hupigwa chapa katika Huduma Centre. Ya Makadara haiko mbali na yeyote kati yetu.

Barua nazo! Iko moja tuliyoiona iliyonakiliwa mara nyingi, jina la kampuni likaachwa wazi lijazwe kwa kalamu, na kalamu yenyewe ilikuwa ya rangi nyingine. Iko nyingine iliyofuatana na kila cheti tangu cha nasari na cha mpira wa miguu, ila nambari ya simu haikuwamo. Na hizi za mtandao huja kutoka kwa anwani za utani ambazo mtu alijifungulia akiwa kidato cha pili. Kijana aliyesoma miaka kumi na sita aweza kutumia saa moja kufungua anwani yenye jina lake halisi.

Tulitaka kuliruka deni la HELB kwa kuwa halipendezi, lakini haifai. Bodi ya Mikopo, iliyowekwa mwaka 1995, hutoa mkopo. Si zawadi, ingawa nyumba nyingi huizungumza kama zawadi. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza riba yake imekuwa asilimia 4, na malipo hutazamiwa kuanza mwaka mmoja baada ya masomo kwisha. Mwaka huo ndio ule ule mwaka wa uanagenzi na wa kungojea hospitali. Sheria ina faini ya Sh. 5,000 kwa kila mwezi wa kukaa kimya, na kazi nyingi, hasa za serikali, hutaka karatasi ya Bodi. Asiye na kazi asijifiche. Aiandikie Bodi aieleze hali yake. Deni la mtu anayesema huzungumzika, la anayenyamaza hukua.

Na katika kungojea huko afanye nini? Public Service Commission ina mpango wa mafunzo ya kazi wa miezi kumi na miwili kwa wahitimu, nao ni bora kuliko kukaa bure, kwa sababu hutoa barua ya ushahidi na humfunza kijana jinsi faili linavyotembea. Lakini hata kazi isiyo ya ofisi si aibu. Wako wahitimu wanaohesabu mizigo ya wafua vyuma Kamukunji, wanaoendesha pikipiki, wanaofundisha watoto wa jirani hesabu jioni kwa malipo kidogo. Twawaomba wazazi, hasa akina baba, waache kuwaambia vijana hawa kwamba wamepoteza karo. Kijana aliyeambiwa hivyo mara tatu hachukui tena kazi ya mkono, wala haombi ya kalamu, hulala. Na maktaba za jiji zilizo kwetu, ya Kaloleni na ile ya Makadara, zina meza na utulivu ambao nyumba ya chumba kimoja haina. Maktaba kubwa ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo asome. Hizi mbili zilijengwa kwa ajili yetu, na siku nyingine viti vyake huwa vitupu kama hivi vya mbele.

Sasa twafika kwenye kura. Halmashauri inaomba kwamba robo ya Mfuko wa Elimu itengwe kila mwaka kuwasaidia wahitimu katika hatua ya pili: karo ya kwanza ya Kenya School of Law, ada za bodi, karatasi za KASNEB, na nauli ya miezi ya uanagenzi. Isiwe zawadi. Iwe mkopo bila riba, urudishwe kidogo kidogo tangu mwezi wa sita wa mshahara, na mdhamini awe mwanachama mmoja asiye mzazi.

Twajua yaliyosemwa dhidi ya ombi hili katika mkutano wa robo mwaka uliopita. Mzee wetu mmoja, ambaye twamheshimu na ambaye amechanga katika Mfuko huu kuliko wengi, alisema kwamba mtoto wa kidato cha kwanza asiye na karo ndiye yatima wa kweli. Huyu mwenye shahada amekwisha kulelewa, ana meno, na atafune mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuikejeli. Kila shilingi itakayompa mwanagenzi nauli itatoka mahali, na huenda ikatoka kwa mtoto wa kidato cha kwanza. Ndiyo maana tumeomba robo, wala hatukuomba nusu. Lakini twamwomba mzee atazame hesabu kwa upande huu. Chama kimemlipia yule kijana wa mitumba karo tangu sekondari. Fedha hiyo yote imesimama mahali pamoja kama nyumba iliyokosa mabati. Kiasi kilichobaki ni kidogo kuliko kilichokwisha kutumika, na siku atakapoapishwa ndipo ataweza kurudisha, na kwa fedha atakayorudisha mtoto wa kidato cha kwanza atalipiwa. Asipoapishwa harudishi kitu, na mdogo wake ameona.

Wengine wameuliza kama hatutafungua mlango wa upendeleo, jamaa wa wanahalmashauri wakatangulia. Swali ni halali. Kwa sababu hiyo tumependekeza kwamba maombi yasomwe bila majina na watu watatu wasio wa Halmashauri, watakaochaguliwa leo, na kwamba kila mwaka orodha ya waliokopa na waliorudisha ichapishwe katika kijitabu hiki, mbele ya hesabu za Mweka Hazina. Asiyetaka jina lake lichapishwe asikope.

Kura itapigwa mara baada ya hesabu kusomwa, kwa mikono, na wanachama waliolipa ada ya mwaka peke yao. Wakati huo huo daftari jipya liko juu ya meza ya Katibu. Lina safu nne: jina kama lilivyo katika kitambulisho, shahada, bodi inayohusika, na kinachongojewa. Hata kura ikishindwa twataka daftari hilo lijae, tujue tuko wangapi na tunangoja nini. Ninyi vijana wa mlangoni, chai haijawa tayari; njooni mwandike sasa.